Muziki wa bure Forodhani: tunavyojipanga mimi na shoga zangu

Kaskazi ikishashika, kuanzia Disemba mpaka mwisho wa Februari, ndani hakukaliki. Nyumba zetu za Mpendae jua linazipiga batini kutwa nzima, na ikifika Magharibi feni haina inachopepea ila joto lile lile. Wenye uwezo wanakwenda kukaa kwenye mahoteli ya pwani. Sisi tunakwenda Forodhani, bustani ya pwani ya Mji Mkongwe hapa Unguja, na siku zenye muziki ndizo tunazozipangia hasa.

Naandika haya kwa sababu kila nikiweka picha za jioni zetu, wanawake wenzangu wananiuliza: "Shoga, nyie mnawezaje?" Wana waume, wana watoto, wana kazi, na nauli wanaihesabu. Na sisi ni vivyo hivyo. Tuko wanne. Mimi nashona nguo nyumbani, mmoja anasomesha skuli ya msingi, mmoja anauza mitumba Darajani, na wa nne ni muuguzi wa zamu, ambaye siku yake ya mapumziko ndiyo inayotuamulia wote. Fedha za kununua tiketi za tamasha usiku baada ya usiku hatuna. Lakini muziki mzuri tunausikiliza, hadharani, watoto wetu pembeni, na hatulipi kiingilio.

La kwanza ni kujua muziki unapatikana lini. Mwaka kwetu unafunguliwa na sherehe za Mapinduzi. Usiku wa kuamkia Januari 12 fataki zinarushwa na mji mzima unatoka nje. Mwezi wenyewe lakini ni Februari, mwezi wa Sauti za Busara. Tamasha hili lilianza 2004 na limekuwa likirudi kila mwaka, isipokuwa 2016 lilipokosa fedha. Jukwaa kubwa liko ndani ya Ngome Kongwe, na huko bila ya tiketi huingii. Ila tamasha linafunguliwa kwa maandamano ya barabarani, na hayo hayana mlango. Beni inatangulia na matarumbeta yake, ngoma zinafuata, na wewe ukitaka unajitia katikati unakwenda nao. Na miaka kadhaa wameweka jukwaa Forodhani kwenyewe, wakati wa jioni, bure kwa kila anayefika. Kwa hiyo ratiba ikitoka tu, mwalimu wetu anaisoma yote, anachagua za bure, anatutumia kwenye kundi letu la WhatsApp, na hapo muuguzi anakwenda kubadilishana zamu na wenzake mapema. Akichelewa kuomba, basi tena, maana Februari kila mtu anataka jioni zile zile.

Hata siku ambazo bustanini hakuna jukwaa hatukosi kitu. Ngome Kongwe iko ng'ambo ya barabara tu. Waarabu wa Oman waliijenga baada ya Wareno kufukuzwa, mwishoni mwa karne ya 17, na kuta zake ni nene kweli kweli, lakini juu iko wazi, na kinachopigwa ndani kinapanda na kutoka. Ukikaa upande wa bustani unaoikabili, besi na ngoma unazisikia vizuri, sauti ya mwimbaji inakuja na kupotea kwa upepo. Wako wanaodharau kusikiliza namna hii, wanaona ni kukaa nje ya harusi ya watu. Mimi naipenda. Macho hayana taa za jukwaa za kuyashughulisha, unabaki na sauti peke yake, na baada ya muda mnaanza kubishana: hiyo ni filimbi au ni nai? Huyu anaimba Kiarabu au Kikomoro? Shoga yangu wa Darajani ana sikio kali sana, mara nyingi yeye ndiye anayepatia.

Na bustani yenyewe ni ya kazi hiyo tangu zamani. Ilitengenezwa 1936 kwa ajili ya kusherehekea miaka 25 ya Sultani Khalifa bin Haroub kwenye kiti, na katikati yake pana kile kibanda cha wazi ambacho bendi ya Sultani ilikuwa ikipiga ndani yake, raia wakisikiliza. Wazee wetu walikaa pale pale tunapokaa sisi. Baadaye ilichakaa, ikafanyiwa matengenezo makubwa na taasisi ya Aga Khan, ikafunguliwa upya 2009. Majani, mabenchi ya mawe na njia za kupita tunazozitumia leo ni za matengenezo hayo.

Sasa kujipanga kwenyewe. Ruhusa tunaiweka mbele ya yote, na dawa yake ni kusema mapema. Mume hashtukizwi saa kumi kuwa unatoka. Siku kadhaa kabla anajua ni jioni gani, niko na nani, watoto nakwenda nao au wanabaki, chakula cha usiku kitakuwa tayari, na nitarudi saa ngapi. Na tukisema saa tatu na nusu, iwe saa tatu na nusu. Kwa kuwa hatukuvunja ahadi hiyo, siku hizi hakuna anayeulizwa maswali. Waume wawili wameshaanza kuja wenyewe. Wanakaa kwenye ukuta wa baharini na kahawa zao, wanazungumza mpira na siasa, muziki unawapita masikioni, lakini wamekuja.

Kwenda tunakwenda kwa daladala, kwa sababu alasiri gari ni nyingi na rahisi. Tunashuka mjini, tunakata vichochoro kwa miguu mpaka pwani. Kurudi ni jambo jingine. Usiku daladala zinapungua, watoto wanasinzia, na mtu akianza kuwaza gari muziki haumwingii tena. Kwa hivyo kuna mchango wa gari: kila mmoja anatoa kidogo kidogo tangu mwanzo wa mwezi, fedha anaweka mwalimu, na jioni yenyewe kuna dereva wa mtaani kwetu anayetufuata saa ile ile, mahali pale pale. Hili ndilo jambo lililotufungulia mlango kuliko yote. Tangu tulipolipanga gari ndipo tulipoanza kukaa kwa raha mpaka wimbo wa mwisho tuliokubaliana.

Kufika tunafika baada ya Alasiri, jua likiwa bado liko juu kidogo. Ukija usiku utasimama. Tena jioni ina starehe yake, hasa kwa watoto, kwa sababu ya makachu. Siku za bamvua, mwezi mchanga au mwezi mpevu, maji ya Forodhani hujaa kiasi cha saa kumi, na vijana wanajipanga kuruka. Wanakimbia kutoka mbali, wanakanyaga ukingo wa ukuta, wanajirusha juu, wanajikunja hewani na kuangukia baharini kwa mkao walioukusudia, huku watu wote wakipiga kelele. Mwanangu anaweza kukaa pale saa nzima bila ya kuomba chochote. Maji yakiwa mafu mambo yanageuka, alasiri bahari inakuwa imekupwa na makachu hakuna. Kwa hiyo tukiwa na watoto wengi naangalia mwezi kwanza, ndipo naangalia ratiba.

Pa kukaa panataka akili. Upepo wa kaskazi unatoka upande wa Mizingani na Beit al-Ajaib na kwenda upande wa Shangani, ulipo ule upenyo wa barabara chini ya jengo. Moshi wa mishkaki na pweza unafuata njia hiyo hiyo. Ukitandika mkeka upande wa Shangani utarudi nyumbani macho mekundu na buibui linanuka jiko. Ukikaa mbali mno upande wa Beit al-Ajaib moshi huna, ila upepo unaichukua sauti unaipeleka kwa wenzako. Tulipopaona sisi ni nyuma ya fundi mitambo, yule anayekaa katikati ya watu na mashine ya kupangia sauti. Yeye anapanga kwa kusikiliza masikio yake mwenyewe pale alipo, kwa hivyo aliye karibu naye anasikia kama anavyosikia yeye: udi haumezwi na ngoma, maneno ya mwimbaji yanatoka yote. Karibu na spika ni kelele tupu, na kwa watoto ni vibaya. Tukifika tu, mmoja anakwenda kumtafuta fundi yuko wapi, anatandika mkeka hapo, wengine ndio tunatawanyika.

Tukiliangalia lile jengo la Beit al-Ajaib roho inauma. Sultani Barghash alilijenga 1883, na siku ya Disemba 25, 2020 sehemu yake ikaporomoka na watu wawili wakafa. Watoto wetu wadogo wanalijua kwa mabati na vyuma vya ujenzi tu. Nawaeleza kila tukikaa pale, na nitaendelea kuwaeleza.

Chakula tunatoka nacho nyumbani, kila mmoja na chake. Mimi mkate wa kumimina na chupa ya chai ya maziwa, wa Darajani kachori na bajia, mwalimu katlesi, muuguzi matunda na maji, kwa sababu yeye ndiye anayejua mtu akikaa na kiu kwenye joto linamfanya nini. Bustanini tunanunua kitu kimoja tu, juisi ya miwa, ikamuliwe mbele yetu na ndimu na tangawizi ndani. Hiyo haipikiki nyumbani. Watoto wanataka kila wanachokiona, lakini wanaambiwa tangu mlangoni: juisi, basi. Mkeka ni wa ukindu wa Pemba, mwepesi, unakunjika. Kanga mbili za ziada, moja ya kumfunika mtoto akilala, nyengine ya kutandikia Magharibi. Adhana ikitoka, kwenye saa moja kasorobo kwa mwezi wa Februari, muziki unasimama, wanaume wanakwenda msikitini, na sisi tunasali kwa zamu huku mmoja akiwaangalia watoto. Napenda sana nusu saa ile. Mji unatulia, taa za majahazi zinaanza kuonekana, watu wanarudi mmoja mmoja kwenye nafasi zao na hakuna aliyenyang'anywa yake.

Kuhusu muziki wenyewe, watoto wangu wamejifunza pale mambo ambayo nyumbani nisingeweza kuwafundisha. Jioni moja ilipigwa kidumbak. Ukiikuta harusini umezungukwa na watu wanaocheza, huoni chochote. Pale ilikuwa wazi: vidumbak viwili vidogo vya udongo, fidla, cherewa, mkwasa, na sanduku. Mpiga sanduku aliligeuza lile sanduku lake la mbao chini juu, akalikanyaga kwa mguu mmoja, fimbo ikasimama pembeni, kamba moja kutoka ncha ya fimbo mpaka katikati ya sanduku. Akiivuta fimbo kamba inakaza na sauti inapanda, akiilegeza inashuka, mkono mwengine unadonoa. Kamba moja tu, na besi yote ya nyimbo ikawa inatoka hapo. Walipopumzika mwanangu akamsogelea, akamwamkia, "Shikamoo baba." Yule mzee akamwitikia marahaba, akamshikisha fimbo, akamwambia, "Vuta, usiogope, haivunjiki." Mtoto akavuta. Wiki nzima nyumbani ndoo zangu zote ziligeuzwa masanduku.

Lakini jioni ninayotaka kuielezea vizuri ni ya Shangazi.

Shangazi yangu anakaa Wete, Pemba. Alikuja Unguja Februari kwa matibabu ya macho, na Forodhani hakuwahi kutia mguu tangu kabla ya yale matengenezo. Tulipomwambia tunakwenda kwenye muziki alikataa. Alidhani ni mambo ya vijana na makelele. Nikamwambia, "Shangazi, ni taarabu. Ya fidla na kanuni." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza tunaondoka saa ngapi.

Tulimwekea kiti cha plastiki nyuma ya fundi mitambo. Jukwaani walipanda vijana, na safu ya mbele wengi wao wasichana. Shangazi alikodoa. Zama zake mwanamke aliimba, na vyombo vilikuwa mikononi mwa wanaume. Nikamweleza kuwa tangu 2002 mjini pana chuo cha muziki, DCMA (Dhow Countries Music Academy), kinachofundisha taarabu, ngoma na kidumbak, na wasichana wanasoma humo kama wavulana. Nikamweleza pia kuna Tausi, kundi la wanawake watupu, lililoanzishwa na Bi Mariam Hamdani. Hakunijibu. Alikuwa anamwangalia binti aliyepakata kanuni, nyuzi zaidi ya sabini zimelala mapajani mwake, vidole vyake vya shahada vimevishwa pete zenye vichokonoo, na mikono miwili inakimbizana juu ya nyuzi bila ya yeye kuitazama.

Nyimbo zilikuwa za zamani, za wakati ambao vikundi vya taarabu vya Ikhwani Safaa na Culture vilikuwa vikishindana na mji umegawika kwa ushabiki. Ikhwani Safaa ni ya 1905, Culture ni ya 1958, na Shangazi ni mtu wa Culture, hilo halina mjadala nyumbani kwake. Ilipoanza moja anayoipenda nilimwona midomo inacheza. Beti ya pili akafungua pindo la kanga. Fundo lilikuwa limekaza, akalilegeza kwa meno, akatoa noti, akainyoosha juu ya goti kwa kiganja mpaka ikalala. Akasimama. Nikataka kumshika mkono kwa sababu ya macho yake, akanisukuma. Akaenda peke yake, pole pole, akijitikisa mabega kwa mwendo wa wimbo, watu wakampisha njia. Alipofika jukwaani hakumtunza mwimbaji moja kwa moja. Alingoja mpaka ile kalima aliyokuwa akiitaka ifike, ndipo akampa, akamshika na mkono. Halafu akageuka akampelekea noti ya pili yule binti wa kanuni.

Kutunza hivi ndivyo kulivyo. Noti inapelekwa kwenye neno, anayetunza anasema jambo lake kupitia mdomo wa mwimbaji. Ndio maana naona taarabu ya asili inataka uwanja kama ule, wenye nafasi ya mtu kuinuka, kutembea na kuonekana. Taarabu ya kisasa ya kinanda naipenda pia, naicheza harusini mpaka miguu inauma, lakini haina ule utulivu wa kungoja kalima.

Aliporudi kitini alinitolea habari ambazo sikuzijua. Kwamba bibi yake aliwahi kumsikia Siti binti Saad kwa santuri, zile zilizoanza kurikodiwa Bombay 1928, na kwamba nyumba nzima ilikaa kimya kwa ajili ya sauti ile kwa sababu ilikuwa sauti ya mtu wao, mtoto wa Fumba, anaimba Kiswahili. Kabla ya hapo, alisema, taarabu ilikuwa ni ya ndani, ya Sultani na wageni wake, na lugha yake ilikuwa Kiarabu. Akanyoosha mkono kuelekea kule kasri lilipo, hatua chache tu kutoka tulipokaa. "Ilikuwa humo, mwanangu. Sisi tulikuwa huku." Kisha akaniuliza kama kachori zimebaki.

Nimelifikiria sana neno lake hilo. Mimi nilikuwa naona tunakwenda Forodhani kwa sababu hatuna fedha za tiketi. Sasa naona tunakwenda kwa sababu ni petu. Yule mwenye tiketi ndani ya Ngome ana raha zake, na nikijaaliwa fedha nami nitaingia usiku mmoja. Lakini kwenye majani pale mama muuza mihogo anasikiliza huku anageuza mihogo, mpagazi amekaa na mkokoteni wake, watoto wa skuli, wageni, wazee, wote kwa wimbo mmoja, na Shangazi yangu kutoka Wete anainuka kutunza na anapishwa njia. Hayo kwenye kumbi za kulipia sijayaona.

Kwa kaskazi ijayo tumeshakubaliana na wanawake wengine wa Kikwajuni waungane nasi. Wao wako karibu, watawahi kutushikia nafasi nyuma ya fundi mitambo, sisi wa Mpendae tutakuja na vyakula vya wote. Gari tutahitaji kubwa zaidi, na mwalimu ameanza kukusanya mchango tangu sasa. Shangazi naye ameshapiga simu mara nyingi kuulizia tarehe. Macho yake yanaendelea vizuri, na mwanawe wa Wete ameambiwa amkatie boti kabla nafasi hazijajaa, maana safari hii anataka kuja na wenzake wa mtaani.